Hapana ya Garland

Kadi ya kuvaa shingoni ilisema NYA BOKE, maneno mawili, kama vile moja ni jina lake na jingine ni la babake. Nyaboke aliirudisha kwenye meza ya mapokezi. Binti wa mapokezi akaitazama, akatabasamu, akamwambia ina rangi nzuri. Nyaboke akaivaa hivyo hivyo. Ilikuwa asubuhi bado, na Houston ilikuwa imeshamchosha.

Wala si Houston peke yake. Jana yake alikuwa ametoka Dallas katika gari moja na Shamte, na kutoka Dallas hadi Houston ni mwendo wa karibu saa nne hata ukiwa na msafiri mwenza mzuri. Shamte ni mtu wa Unguja, na njia nzima alikuwa akimweleza jinsi Wakenya walivyokichinja Kiswahili. Walipofika katikati ya safari alikuwa bado kwenye ule "ako" wa Nairobi, wa kusema "ako wapi" badala ya "yuko wapi". Nyaboke, ambaye ni Mkisii wa Nyamira na Kiswahili alikikuta shuleni, aliongeza sauti ya redio.

Halafu kulikuwa na waandaaji. Mkutano ulikuwa wa wauguzi na wataalamu wa afya ya jamii, na Nyaboke alikuwa amealikwa kuwasilisha utafiti juu ya afya ya Walatino wa vitongoji vya Dallas. Waandaaji waliona jina lake tu, wakampanga chumba cha afya ya wakimbizi wa Kiafrika. Aliwaandikia barua pepe, wakamshukuru. Akawaandikia tena, wakamshukuru zaidi. Walipokubali kumhamisha, mwenyekiti wa kikao alimpigia simu na kumwuliza kwa upole kama kuna mwenzake Mlatino atakayezungumza, au ni yeye tu.

Ni yeye tu. Alipofika Texas alianzia ghala moja la Mesquite, pembeni mwa Dallas, akifunga maboksi katikati ya wanawake wa Meksiko na El Salvador. Kiingereza alikuja nacho. Kihispania alikiokota pale pale kwenye maboksi, kwanza matusi, kisha majina ya vyakula, kisha namna ya kumwuliza mtu hali ya mamake aliyemwacha kwao. Akasoma uuguzi huku akifanya kazi, akauguza wazee, akauguza wodini, akarudi chuoni akachukua shahada ya pili, na mwishowe akawa muuguzi wa utafiti katika kliniki ya Garland. Wagonjwa wengi wa hapo walikuwa wale wale wa maboksi, wamezeeka kidogo, wana presha na sukari. Mtu akimwuliza kwa nini Mwafrika anashughulika na Walatino, hujibu kwamba hao ndio majirani zake, na akiwa amekasirika huongeza kwamba hajamwona yeyote akimwuliza Profesa Whitlow swali hilo.

Profesa Whitlow ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nadharia.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka. Kampuni moja ya hospitali ilikuwa ikiwapelekea wagonjwa dawa zao hadi mlangoni, katika kisanduku, kwa majaribio, katika vitongoji vya Garland na Carrollton. Kazi ya akina Nyaboke ilikuwa kuwapigia simu na kujua kama dawa zinamezwa. Shamte, ambaye ni msaidizi wa kliniki na Kihispania alikijua kwa kuuza manukato na simu kwa Wasalvador miaka mingi, alipewa Garland. Nyaboke akachukua Carrollton. Majibu yalipojumlishwa, Carrollton iling'ara. Garland ilikuwa aibu tupu: zaidi ya nusu ya watu walionekana kusahau dawa kila wiki.

Profesa Whitlow aliipenda aibu hiyo. Aliipa jina, "uchovu wa kitongoji," akaeleza kwamba watu wa Garland, kwa kufanya kazi viwandani kwa zamu, wamepoteza hisia ya wakati. Akaanza kuiandikia makala. Na kampuni ya hospitali ikasema kwamba kama Garland hawamezi, hakuna haja ya kuwapelekea. Uamuzi ungetolewa baada ya mkutano wa Houston, na mtu wao, Bi. Dreyer, angekuwa amekaa pale mstari wa mbele akisikiliza. Hilo ndilo lililomkosesha Nyaboke raha. Visanduku vya Garland vilikuwa vinaning'inia kwenye wasilisho lake, na takwimu alizobeba zilikuwa zinavikata.

Na hakuziamini, lakini hakuwa na la kuonyesha. Doña Ofelia, kwa mfano. Bibi huyu, mjane, mpishi wa shule aliyestaafu, anaweka dawa zake mbele ya picha ya Bikira wa Guadalupe, na kila asubuhi anafanya ishara ya msalaba, anameza, anafanya tena. Nyaboke amemwona kwa macho yake. Takwimu zilisema anasahau. Na don Eusebio, anayesahau kofia, anayesahau simu, ambaye siku moja alimsahau mjukuu dukani, takwimu zilisema hajawahi kukosa hata kidonge. Nyaboke alipomwambia profesa, profesa alimjibu kwamba mifano ya mtu mmoja mmoja inapotosha. Shamte naye alipoulizwa alisema aliandika alichosikia. Basi.

Kwa hiyo asubuhi hiyo, amevaa jina la watu wawili, Nyaboke alikwenda kunywa chai hotelini akiwa ameshakubali kusimama mbele za watu na kusema jambo asiloliamini. Shamte alikuwa ametangulia. Alikuwa amemaliza mayai na kahawa, kikombe amekisukuma pembeni.

Mhudumu akapita na birika. Akamwuliza Shamte kwa Kiingereza kama hataki kahawa nyingine.

"Yes," alisema Shamte.

Mhudumu akajaza kikombe, akaenda zake.

"Unaona watu hawa?" Shamte alimgeukia Nyaboke. "Hiki kikombe cha tatu. Kila nikimwambia sitaki, anamimina. Moyo unanienda mbio hapa kama nimeiba."

"Hujamwambia hutaki. Umesema yes."

"Si ndiyo! Kaniuliza, hutaki nyingine? Nikamjibu ndiyo, sitaki. Sasa hapo kigumu kipi?"

"Kwa Kiingereza hiyo yes inamaanisha unataka, kaka Shamte. Hapa ungesema no."

"No ya nini? Nikisema hapana, si nitakuwa namkatalia? Yeye kasema sitaki, mie niseme hapana, maana yake nataka. Hujambo wewe? Kwenu mtu akikuuliza 'hujala?' unamjibuje?"

"Ndiyo, sijala."

"Haya!" Shamte alifungua viganja, kesi imekwisha.

Nyaboke alikuwa ameinua kijiko cha uji wa shayiri. Alikirudisha kwenye bakuli polepole. Swali la tisa la zile simu. Profesa Whitlow alilitunga mwenyewe, likatafsiriwa na ofisi kwa Kihispania, na alikuwa amesisitiza lisomwe lilivyo: *Hukusahau kumeza dawa yako wiki hii?*

"Shamte," alisema. "Swali la tisa. Mtu wa Garland akikujibu 'no,' uliandika nini?"

"Kasahau."

"Akisema 'sí'?"

"Hakusahau. Namuuliza hukusahau, anasema ndiyo. Kuna nini?"

"Aki Mungu wangu."

"Kuna nini, dada Nyaboke?"

"Wao wakisema no, wanamaanisha hawakusahau! No, sikusahau! Wanajibu kama Wazungu, Shamte, hawajibu kama sisi! Ume-reverse Garland nzima!"

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Shamte alimtazama, akatazama kahawa, akamtazama tena. Halafu, badala ya kusema pole, alisema, "Lakini sasa, kwa kweli ya Mungu, kosa ni la nani? Mtu akiulizwa hukusahau, akajibu hapana, kakataa. Lugha yao ndiyo ina walakini."

Nyaboke alitamani kummwagia ule uji.

Alitoka nje kumpigia profesa. Joto la Houston lilimpokea mlangoni, zito na lenye unyevu, miwani ikaingia ukungu. Profesa Whitlow alikuwa Dallas, na alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo lililompa Nyaboke matumaini ya bure.

"Inavutia," alisema profesa. "Lakini Carrollton swali ni lile lile, na wewe pia unazungumza Kiswahili. Kama tatizo ni lugha yenu, kwa nini Carrollton iko sawa?"

Jibu Nyaboke alikuwa nalo, ila hakulipenda. Carrollton ilikuwa sawa kwa kuwa hakuuliza swali lile. Siku ya kwanza tu alipolisoma kwenye simu ulimi ulimteleza, akaona ni sentensi ya kuwachanganya wazee, akainyoosha mwenyewe: *Kuna siku umesahau?* Akaendelea hivyo hadi mgonjwa wa mwisho. Hakumwambia profesa, kwa kuwa profesa angefanya mkutano. Hakumwambia Shamte, kwa kuwa Shamte angefanya mhadhara. Aliona ni jambo dogo. Kumbe ile tofauti kubwa kati ya vitongoji viwili, uchovu, hisia ya wakati, makala nzima, ilikuwa tofauti kati ya Mkisii mmoja asiyefuata maagizo na Mzanzibari mmoja aliyeyafuata barabara.

Alimwambia profesa.

"Wasilisha slaidi zilivyo," alisema profesa. "Tutalichunguza tukirudi. Bi. Dreyer hatakiwi kulisikia hili jukwaani."

"Bi. Dreyer anakata dawa kwa hizi slaidi."

"Nyaboke. Zilivyo."

Alipokata simu hakujua anamkasirikia nani zaidi, profesa, Shamte, au nafsi yake, yule muuguzi wa Carrollton mwenye haraka zake ambaye sasa alimwona waziwazi. Kumlaumu Shamte pekee kungekuwa rahisi. Shamte mwenyewe hajui swali lilibadilishwa, na watu wangecheka, na Nyaboke angeshuka jukwaani akiwa msafi. Aliliwaza jambo hilo njia nzima ndani ya lifti.

Chumba kilikuwa baridi kama friji, kama vyumba vyote vya mikutano Texas, na kilijaa kuliko alivyotarajia. Mwenyekiti alimtambulisha kama Dokta Boke. Bi. Dreyer alikuwa mstari wa mbele, kompyuta mapajani, uso wa mtu mwema mwenye kazi nyingi. Shamte alikaa nyuma yake, mikono imefumbatwa, bado amenuna.

Nyaboke alionyesha slaidi ya Garland na Carrollton. Akaiacha ikae pale.

"Hii si kweli," alisema.

Akawaeleza ile kahawa. Aliieleza vizuri, kwa hasira yake yote, pamoja na moyo kwenda mbio, na watu wakacheka hadi mwenyekiti akavua miwani. Muuguzi mmoja Mfilipino aliyekuwa mwisho kabisa alipaza sauti kwamba hata kwao ni hivyo hivyo, na kwamba mumewe Mmarekani hajamwelewa hadi leo. Nyaboke akaeleza swali la tisa. Akasema mwenzake mmoja alisikia kwa masikio ya nyumbani, na hakutaja jina. Mkono ukainuka nyuma ya Bi. Dreyer.

"Ni mimi," alisema Shamte. Kisha akaongeza, kwa kuwa ni Shamte, "Lakini swali lilikuwa baya."

"Lilikuwa baya," alisema Nyaboke. "Na mimi nililiona ni baya, nikalibadilisha upande wangu, sikumwambia mtu. Kama ningesema siku ile, lingerekebishwa pande zote. Kwa hiyo Carrollton nako swali halikuulizwa kama lilivyoandikwa, na hakuna tofauti yoyote hapa ninayoweza kuwaahidi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba Garland walisema hawasahau, na sisi tukaandika kwamba wanasahau."

Kicheko kilikatika. Shamte alishusha mkono, akamtazama kwa namna mpya, mdomo wazi kidogo. Nyaboke alijua maneno yale yatamfuata. Alijua pia kwamba simu iliyokuwa ikinguruma mfukoni ni ya profesa. Lakini kwa mara ya kwanza tangu jana alipumua hadi chini.

Baada ya kikao, kwenye chakula cha mchana, Bi. Dreyer ndiye aliyemwita mezani kwake. Alimshika mkono. Alisema amefanya kazi na watafiti maisha yake yote na ni wachache ambao wangesema vile hadharani. Alisema kampuni italipokea sahihisho lake na kulizingatia katika mapitio yajayo, na kwamba Garland itarudishwa bila shaka, akiamini kuanzia robo ijayo ya mwaka.

"Itarudishwa?" Nyaboke alidhani hakusikia vizuri. "Si uamuzi ni baada ya mkutano?"

"Uamuzi rasmi, ndiyo," alisema Bi. Dreyer, akichomachoma saladi. "Ila Profesa Whitlow alitutumia ripoti ya awali. Ilikuwa wazi sana. Upande wa Garland tulisimamisha tangu mwezi uliopita."

Nyaboke aliondoka mezani akasimama karibu na dirisha, Shamte akamfuata akiuliza kuna nini, kuna nini tena, naye akawa anatafuta namba ya doña Ofelia kwenye simu. Simu iliita mara nyingi. Halafu ikapokelewa, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya televisheni na ya kuku anayekaangwa.

Nyaboke aliuliza hali, kwa kuwa hata ukiwa unawaka huwezi kumrukia bibi wa watu kabla ya hali. Akaulizwa hali ya watoto, akajibu. Kisha akauliza, kwa maneno aliyoyanyoosha kadiri alivyoweza, kama leo amemeza dawa ya presha.

"No, m'ija," alisema doña Ofelia. Hapana, mwanangu.

"Na jana?"

Hapana. Ziliisha. Kisanduku hakikuja, na duka la dawa liko mbali, na binti yake aliyekuwa akimpeleka sasa ana zamu mbili. Alizigawa zile za mwisho nusu nusu, akameza siku moja akaacha moja, hadi zikakatika. Kichwa kinamuuma kidogo, lakini ni joto tu. Alieleza yote hayo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza kwamba mvua haijanyesha. Nyaboke aliweka kipaza sauti ili Shamte asikie, na hakujua ni kwa kumwadhibu au kwa kuwa hakutaka kulisikia peke yake.

Doña Ofelia alikohoa kidogo, sauti ikashuka.

"Nilimjibu vibaya yule kijana?" aliuliza. "Alinipigia, mwenye adabu sana, akaniuliza kama sikusahau. Nikamwambia no. Nimewaza sana. Nilifikiri labda nilikuwa mkali kwake, ndiyo mkaniondoa."

Shamte aliziba uso kwa mkono wake mmoja, akaubakiza hapo.

"Ulijibu vizuri, doña Ofelia," alisema Nyaboke. "Ulijibu vizuri kabisa. Sisi ndio tuliokuandika vibaya. Anza kwa kumwambia binti yako akupeleke kliniki leo, jioni hii, mwambie nimesema mimi. Nitawapigia wakungoje."

"Nitamwambia. Na kisanduku, m'ija? Kitakuja lini?"

Nyaboke aligeuka. Kule mezani Bi. Dreyer alikuwa anamalizia saladi yake, akimsikiliza mtu mwingine, akitikisa kichwa kwa wema. Robo ijayo. Nyaboke alipita katikati ya viti, akamgonga mtu begi, hakuomba radhi, akafika na kuiweka simu kwenye kitambaa cheupe, kando ya sahani, kipaza sauti kikiwa bado wazi na kuku bado anakaangwa.

"Huyu ni mmoja wa Garland," alisema. "Anauliza dawa zake zitakuja lini. Mjibu."

Bi. Dreyer aliitazama simu, akamtazama Nyaboke, akapangusa mdomo. Alisema kwa kweli angependa sana, lakini hajui Kihispania.

"Mie najua," alisema Shamte, akavuta kiti, akakaa kati yao.